Kabla ya Kigali, nilianza na Ambrosia

Vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Mchezo tukishauangalia kwenye televisheni mara mbili, basi sote makocha. Utamkuta mtu hajawahi kukimbia hata kulifukuzia daladala, lakini anamlaumu mwanariadha wa mbio ndefu eti "alikata pumzi mapema". Mwaka 2025 ugonjwa huo ulihamia kwenye baiskeli. Sababu ilikuwa moja: Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yanakuja Kigali, Rwanda, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Pale kijiweni kwetu Sinza ubishi ulikuwa si mchezo. Huyu anasema Pogačar wa Slovenia hakamatiki, yule anaapa kwamba Evenepoel wa Ubelgiji ndiye mwisho wa maneno. Mimi nikauliza swali moja la kichokozi: jamani, kuna yeyote hapa aliyewahi kupanda mlima wa kweli kwa baiskeli? Kimya. Mtu mmoja akasema amewahi kupanda Ubungo Kibangu. Tukamwonea huruma.

Wenzetu wa Ulaya wana utaratibu mzuri kwa jambo hili. Kule Ufaransa, tangu mwaka 1993, kila mwaka inatengwa siku ambapo watu wa kawaida, walimu, waoka mikate, mawakili wenye vitambi, wanapanda milima ileile ya hatua moja ya Tour de France. Barabara inafungwa, wanahema, wanatapika, wanafika. Halafu mabingwa wakija, yule wakili anakaa kwenye kiti chake anaangalia kwa adabu, maana magoti yake yanaijua habari.

Nauli ya Ufaransa sina. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, na nina nchi yenye milima. Nikakata shauri: wiki mbili kabla ya Kigali nakwenda Mbinga, nateremka hadi Ziwa Nyasa, nalala, kisha napanda kurudi. Kijiwe kikaweka masharti. Kupumzika ruksa, kusukuma marufuku. Nikisukuma hata hatua kumi, nanunua supu ya kijiwe kizima, na chapati mbili kila kichwa. Shahidi ni simu yangu, maana programu ya kupima mwendo haina urafiki na mtu. Kijiwe kina watu kumi na mmoja, msomaji wangu, na wawili kati yao wanakula kama watu wanaohama nyumba.

MJI WA KAHAWA NA BARIDI

Dar hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Konda wa basi aliitazama baiskeli yangu, akanitazama mimi, kisha akaitajia nauli ambayo ingetosha kumsafirisha binadamu mzima na begi lake. Tukavutana, tukakubaliana. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita mia moja, lami tupu.

Mbinga, kwa asiyeijua, ni mji wa kahawa. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi unaukumbuka mwinuko huo kwa meno, maana yanagongana. Mimi mtu wa Dar nilidhani sweta ni nguo ya wanafunzi na walinzi wa usiku. Pale gesti niliuliza maji ya moto kabla sijauliza jina la mhudumu.

Wenyeji ni Wamatengo, na ukitaka kujua Mmatengo ni mtu wa namna gani, usimwangalie usoni, angalia shamba lake. Milima kule imesimama wima. Mahali ambapo wewe ungeogopa hata kusimama, wao wanalima. Siri yao inaitwa ngoro. Nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufukia zile nyasi, linabaki shimo. Mazao yanapandwa kwenye kingo, mvua inatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo wa watu bondeni. Wameanza kazi hiyo miaka mingi kabla ya wakoloni kuja na mabwana shamba wao. Kwa mbali mlima mzima unaonekana kama chuma cha kupikia vitumbua. Nilisimama nikautazama, njaa ikaniuma.

Ni watu ambao mwinuko hauwatishi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

KUTEREMKA NDIKO KUNAKOTISHA

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, gari likikwama abiria wanageuka mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 mitambo iliingia, na leo ni lami safi inayong'aa, yenye kingo za chuma kwenye kona.

Watu hudhani kuteremka ni starehe. Mimi nakuambia, kupanda kunachosha tu, kuteremka ndiko kunakotisha. Mwanzoni barabara inacheza na wewe: kilima kidogo juu, bonde kidogo chini, migomba, kahawa imeanikwa kwenye vichanja, kina mama wanakusalimia. Halafu unafika kwenye mlima ambao wenyeji wanauita Ambrosia. Jina tamu, lakini usidanganyike. Nchi inakatika ghafla. Mbele yako hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa, mbali, kuna bluu ambayo mwanzo unadhani ni mbingu imeanguka. Hapana. Ni Ziwa Nyasa.

Toka mji wa Mbinga hadi usawa wa ziwa unashuka kama mita 900. Nikala breki ya nyuma, nikala ya mbele, nikala zote mbili. Baada ya kona ya nne vidole vilikuwa vimekakamaa kama vya maiti. Nikasimama, nikagusa rimu. Nilinyanyua mkono kama mtu aliyegusa sufuria. Tangu hapo kila baada ya kona kadhaa nilikuwa nashuka na kuiacha baiskeli ipoe kando ya njia. Fuso likipanda kwa gia ya kwanza unalisikia dakika tano kabla hujaliona. Bodaboda zikiteremka huzisikii kabisa, kwa sababu wamezima injini kubana mafuta! Kijana mmoja alinipita na kreti tatu za soda, mguu mmoja juu ya tangi, anapiga mluzi.

Baridi ilibaki mlimani. Kila kona niliyoshuka nilivua kitu. Nilianza na sweta, ikafuata soksi, na nilipofika tambarare ya miembe na mihogo nilikuwa nimebaki na fulana, jasho linatiririka.

Mbamba Bay ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ghuba imekumbatiwa na vilima, mawe makubwa yamekaa majini kama tembo wanaooga, mitumbwi imelala mchangani. Ziwa lenyewe ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake kinapita mita 700, na maji yake ni meupe kiasi kwamba unawaona samaki wanavyokukwepa. Ufukweni usipa umeanikwa, unameta juani kama misumari mipya. Jioni nilikula ugali kwa mbasa wa kuchoma. Kama kuna samaki anayeweza kumfanya mtu asahau magoti, ni mbasa.

MZEE WA USIPA

Kabla ya kulala nilipeleka baiskeli kwa fundi, chini ya mwembe, abadilishe mpira wa breki uliokuwa umeisha kama kifutio cha darasa la kwanza. Kwenye benchi la fundi alikaa mzee mmoja, kofia ya ukili, miguu mikavu yenye misuli kama kamba ya nanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo baiskeli yako haina keria?"

"Haina, baba."

"Sasa mzigo unafunga wapi?"

"Sibebi mzigo. Nataka kupanda mlima tu, hadi Mbinga."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama fundi. Fundi akaangalia pembeni ili asicheke.

Mzee yule alikuwa mchuuzi wa usipa. Miaka ya themanini na tisini alikuwa na Phoenix. Ananunua usipa mkavu hapo ufukweni, anafunga viroba viwili nyuma na kimoja katikati ya fremu, anaondoka jua likipoa. Anasukuma. Usiku anasukuma. Anajilaza kidogo kando ya njia, anasukuma tena, mpaka soko la Mbinga. Kule anauza, ananunua maharage na mahindi, anageuza. Na kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, maana breki za fito haziwezi kuzuia gunia la maharage. Walikuwa wanakata tawi la mti, wanalifunga nyuma ya baiskeli, linaburuzwa kama nanga. Likishindwa, wanakandamiza tairi la nyuma kwa kubazi la mguuni. "Makubazi ya tairi jozi moja, safari tatu," akasema. Wenzake wawili walipitiliza kona. Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Nikamweleza habari za Kigali. Akasikiliza vizuri.

"Hao wanalipwa?"

"Wanalipwa, baba. Wengine mamilioni."

"Na wanabeba nini?"

"Chupa ya maji tu. Hata ile wakiishiwa kuna gari nyuma linawaletea nyingine."

"Anayeshinda?"

"Anapewa medali ya dhahabu, na jezi yenye mistari ya rangi za upinde wa mvua. Anaivaa mwaka mzima."

Akafikiri. "Jezi nzuri hiyo," akasema, na sikuweza kujua kama ananitania.

Nikamwuliza, lami ilipokuja si ulifurahi? Hapo sauti yake ikashuka.

"Nilifurahi sana. Nikasema sasa nitapanda kama mfalme. Lakini lami haikuja peke yake, mwanangu, ilikuja na Fuso na pikipiki. Usipa unapakiwa alfajiri, saa tatu uko Mbinga. Nani atamsubiri mtu wa baiskeli? Sisemi lami mbaya. Mkwe wangu aliumwa uchungu usiku, akafikishwa hospitali ya Mbinga, mtoto mzima, mama mzima. Kwa njia ile ya zamani tungezika. Ila barabara imekuja, miguu yangu imekwishaenda."

Phoenix yake bado ipo, fremu tu. Kuku wanalala juu yake.

Nilipoaga akanipa ushauri wa bure. "Kona zile za kuzunguka usizikate kwa ndani, ndani ndiko mlima ulikojificha. Tega sikio kwanza, kama hakuna gari, ipite kwa nje. Utakwenda mbali zaidi, lakini utafika unahema kama mtu."

KUPANDA SASA

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri, taa ya kichwani, nyota zimejaa. Kilomita za mwanzo tambarare, nikajiona bingwa. Jua lilipochomoza nilikuwa naanza kuinama.

Sitakudanganya kwa maneno makubwa. Kupanda mlima kwa baiskeli ni kitu cha kipumbavu kinachorudiwa mara nyingi sana. Unakanyaga, unakanyaga, unatazama kisoma mwendo, kilomita sita kwa saa. Mtu anayetembea kwa haraka zake anaweza kukupita na akakuuliza hali ya nyumbani. Jasho linaingia machoni, chumvi inawasha. Gia ya mwisho niliiweka mapema, nikawa kila mara nabonyeza tena nikitumaini fundi wa kiwandani aliificha nyingine.

Kona niliifanyia kama alivyosema mzee. Natega sikio, kimya, napita kwa nje. Bwana we! Ilikuwa kama mtu amelegeza kamba shingoni. Kona moja nililazimika kubaki ndani kwa sababu ya Fuso, nikaelewa alichomaanisha: ule mwinuko ulitaka kunirudisha Mbamba Bay kwa mgongo.

Nilisimama mara tisa. Kupumzika ruksa, si ndiyo? Nilikula ndizi, nikanywa maji, nikaliangalia ziwa likipungua chini. Lakini kusukuma, hapana. Kwenye kona moja karibu na kileleni mguu wa kulia uliniuma mshipa, nikakaa chini ya jiwe robo saa nikiukanda, huku nikiwahesabu wale watu kumi na mmoja na chapati zao ishirini na mbili. Nikapanda tena.

Ndipo akatokea. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, sweta la shule limetoboka viwiko, juu ya Phoenix kubwa iliyomzidi kimo. Keria imefungwa dumu la maji la lita ishirini. Gia hana. Siti haifikii, kwa hiyo amesimama juu ya pedeli, anayumba kulia, anayumba kushoto, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwao.

"Shikamoo," akasema, bila kuhema.

Nilijibu kwa kichwa. Sauti ilikuwa kwa watu wengine.

Tukaenda naye kona mbili. Mimi gia ishirini na moja, yeye moja. Mimi chupa ya nusu lita, yeye lita ishirini. Kona ya tatu aliongeza mwendo kidogo, akakata kwenye njia ya vumbi kuelekea nyumba za matofali, akapotea. Hata kwaheri hakunipa. Kwake haikuwa mashindano, alikuwa anapeleka maji.

Nilifika Mbinga karibu saa sita mchana, saa saba kasoro tangu ziwani. Simu ikathibitisha: hakuna mahali nilipotembea. Supu imekufa.

KIGALI ILIANZIA KWENYE KAHAWA

Jumapili ya tarehe 28 Septemba nikaangalia mbio za wanaume kwa magoti yanayoijua habari. Kilomita 267.5. Milima yote ukijumlisha, zaidi ya mita 5,400 za kupanda. Mzunguko ule wa jiji una kilima cha Kimihurura chenye mawe, na wanaurudia mpaka akili inakataa. Pogačar alianza vurugu katika Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita mia, kisha akabaki peke yake hadi mwisho. Alipomwacha mwenzake wa mwisho zilikuwa zimebaki kilomita kama 66. Nikaruka kwenye kiti! Hiyo si ndiyo Mbinga hadi Mbamba Bay? Mbio zote alizimaliza kwa saa sita na dakika ishirini na kitu, pungufu ya muda niliotumia mimi kwa robo ya safari yake. Walioanza walikuwa zaidi ya mia moja na hamsini, waliomaliza 30 tu. Safari hii sikumlaumu mtu hata mmoja aliyejitoa.

Lakini swali lililonikaa kichwani halikuwa Pogačar. Ni kwa nini Kigali?

Watu wanasema pesa, na pesa ipo. Ila ukirudi nyuma utaikuta kahawa. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, aliandaa Rwanda tamasha la mbio, na baiskeli za mbao za wabeba mizigo zikashindanishwa mle. Mradi wake ulikuwa kuwapa wakulima wa kahawa baiskeli ndefu za kubebea magunia. Mwenzake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akarudi mwaka 2007 kuwafundisha vijana wa Rwanda. Mmoja wao, Adrien Niyonshuti, alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Tour du Rwanda, iliyokuwepo tangu 1988, iliingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: toka baiskeli za mbao mpaka ubingwa wa dunia, miaka 19.

Hata Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na akajifunza mbio kwa Mkenya David Kinjah. Na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani.

Sasa tuhesabu vya kwetu. Mlima upo. Kahawa ipo. Lami ipo, tena nzuri. Watu wasioogopa mwinuko wapo, wanalima juu yake. Kinachoondoka ni baiskeli. Kila msimu wa kahawa ukilipa, kijana anauza Phoenix na kununua pikipiki, na huwezi kumlaumu, pikipiki inalisha watoto. Mzee wa usipa alikuwa na miguu bila barabara. Mjukuu wake atakuwa na barabara bila baiskeli. Yule mtoto wa dumu amekaa katikati yao, ana vyote viwili kwa miaka michache tu. Akifika kumi na minane naye atakuwa anateremka Ambrosia injini imezimwa, anapiga mluzi.

Si lazima tuanze na mamilioni. Funga barabara asubuhi moja ya Jumapili. Weka kundi moja la baiskeli za gia, na kundi jingine la Phoenix zenye mzigo nyuma, kiroba cha kilo ishirini. Zawadi ya kwanza mbuzi, ya pili bati kumi. Mwanzo wa mbio Mbamba Bay, mwisho soko la Mbinga. Mimi nitakuja kushangilia kundi la pili, kwa sababu najua huko ndiko atakakotokea mtu.

Kwa wewe unayetaka kujaribu: nenda kati ya Juni na Oktoba, barabara kavu. Beba mipira ya breki ya akiba kabla ya kubeba kitu kingine. Teremka kukiwa na mwanga, panda kabla ya jua. Na ukipitwa na mtoto mwenye dumu, usiumie. Muulize jina, muulize shule. Mimi pumzi haikuniruhusu.

Haya, tukijaaliwa, wiki ijayo.